Mwenye Mvi

Tumeondoa sahani, tumetandaza ramani mezani,
na pembe inayojikunja tumeigandamiza kwa kopo la jemu.
Upande wa kusini mistari ya kontua imebanana
kama nyuzi za kitambaa kilichovutwa.
Hapo, anasema Beathag, ndipo mlima unaposimama wima.
Najua. Mimi ndiye niliyemfundisha kuisoma,
akiwa na miaka saba, kidole kikinata jemu.

Liathach. Kwa Kigaeli cha bibi yangu: Mwenye Mvi.
Mawe yake ya chini ni mekundu, ya kale kuliko mfupa wowote,
kichwani ni meupe,
na kati ya kilele na kilele, meno.
Asiyetaka meno hupita pembeni,
kijia chembamba kama mkanda wa suruali,
na kushoto kwake hakuna kitu,
hewa tu, na barabara kule chini, uzi uliodondoka.

Anapiga hesabu.
Kilomita tano kwa saa,
na saa nzima zaidi kwa kila mita mia sita za kupanda:
ndiyo kanuni, ina umri kutushinda sote.
Lakini anaandika tatu.
"Tatu ya nini?"
"Yako, baba."
Hainui macho.

Nabisha. Nataja ule mwaka wa theluji,
nilivyoshuka usiku na tochi iliyokufa mfukoni.
Nataja mapafu. Namtaja babu yake,
aliyechunga kondoo mteremko uleule mpaka meno yakamwisha.
Yeye ananoa penseli, anapuliza unga wake.
"Kupanda utapanda," anasema.
"Ngoma iko kwenye kushuka."

Basi tunaendelea.
Kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri,
maana Juni huku giza ni la kuazima, halikai.
Upepo wa kusini-magharibi, utakaza baada ya adhuhuri.
Mvua: manyunyu, imesema redio,
neno ambalo kwetu limebeba mizigo mingi.
Usubi watatungoja kila tutakapotaka kukaa.
Filimbi, dira, soksi za akiba, themosi mbili,
jibini, biskuti za shayiri,
na kipande cha keki alichokiviringisha kwenye karatasi
akidhani nimegeuka.
Wingu likishuka kabla ya meno, tunarudi.
Hilo hatukulijadili. Aliliandika tu,
akalipigia mstari chini, mara mbili.

Katika kadi ya safari kuna kisanduku: Kiongozi.
Miaka kumi na mmoja nimekijaza bila kufikiri,
kama mtu anavyoandika tarehe.
Leo nimekikuta kimejaa,
mwandiko mdogo uliolala upande,
kwa wino, wakati yote mengine ni penseli.
Nasoma. Nairudisha kadi mahali pake.
Nasema tu kwamba tusipopiga simu kufika saa tatu usiku
Marsaili wa posta awaamshe waokoaji.
"Nimeshaandika," anasema.

Septemba atakuwa Aberdeen, akisomea mawe.
Hilo nalo hatulijadili.

Viatu viko mvunguni, na methali haina huruma:
nainama.
Goti la kulia linatoa mlio,
mlio wa kijiti kikavu,
na kule jikoni penseli inasita,
halafu inaandika kitu kifupi.
Dakika kumi, nadhani. Labda kumi na tano.

Dirishani bado kuna mwanga, na saa nne imepita.
Mlima umejivuta wingu mpaka mabegani.
Hauna habari. Hakuna aliyeupelekea nakala ya kadi.
Naketi kizingitini, natafuta kitambaa,
napaka viatu nta,
vyake kwanza.