Waya Ndani ya Nailoni

Kazi yangu ni kupokea magari yanayorudi.
Miaka mitatu wameyakodi, leo wananikabidhi funguo
hapa uwanjani, nje ya Oldenburg, mvua ikija ubavuubavu,
nami nayazunguka moja moja na tochi na fomu:
mkwaruzo, mlango wa nyuma, kushoto;
jino la utoto kwenye mshono wa kiti;
harufu ya mbwa ambaye mwenye gari anaapa hamjui.

Kisha nafungua buti.
Kwenye haya ya mseto, yenye tangi na yenye plagi,
waya wa kuchajia umelala chini ya zulia
ndani ya nailoni yake ya kiwandani,
kamba haijakatwa,
kama sahani za harusi zinazomngoja mgeni asiyekuja.

Mwezi uliopita yalikuja kumi na tisa.
Nailoni kumi na moja hazijaguswa.
Betri nzito kama ng'ombe mchanga
imepelekwa Munich na kurudishwa, Munich na kurudishwa,
mtungi uliozungushwa kisimani ukarudi mkavu.
Nafuu ya kodi walipewa.
Hiyo waliifungua siku ileile.

"Popo," anasema Folkert, mwenzangu wa zamu.
"Wanyama wakitozwa, anaonyesha mabawa.
Ndege wakitozwa, anaonyesha meno."
Yeye ana dizeli, kilomita laki nne na kumi elfu,
inayokohoa asubuhi kama marehemu baba yake
na kama marehemu haitaki kusikia la daktari.
Mtajie moshi, atakuuliza:
na farasi wangu wawili utawavuta na nini,
na mawazo yako mazuri?

Dada yangu Tomke alihamia umeme mzimamzima,
kama mtu anayesilimu: jioni moja, na jina jipya.
Januari, njia ya Kassel, baridi ya kuvunja meno,
alipanga foleni ya chaja nyuma ya magari sita,
watoto wakila biskuti ndani ya makoti.
Akafika mazikoni mjomba keshafukiwa.
"Mjomba hakuwa na haraka," alisema,
na mpaka leo anapita vituo vya mafuta
kama apitavyo mtu mlango wa mchumba wa zamani:
shingo imenyooka, jicho limeponyoka.

Alhamisi likaja la kijivu, mseto,
la Bi Gesine Oltmanns, mkunga.
Nikafungua buti nikasimama.
Waya umechakaa. Umefungwa kwa utepe wa aproni,
plagi imechubuka midomo, ina tope la misimu mitatu.
Mlangoni risiti za petroli: tano.
Injini, alinieleza, ilikuwa ikijiwasha yenyewe
petroli isije ikachacha tangini kama maziwa.

"Umewezaje?"
Akanitazama kama nimemuuliza anawezaje kupiga mswaki.
"Kazini kilomita kumi na nane. Ukutani kuna soketi."

Halafu akauliza yeye: nichukue lipi sasa?
Jingine kama hili? Umeme mtupu? Au nirudi kwenye dizeli?
Nikaitazama fomu. Haina kisanduku cha swali hilo.
"Huo ukuta," nikasema, "bado unao?"

Kimya. Mvua juu ya bati.
"Nimeachana na mume," akasema.
"Nahamia ghorofa ya tatu. Naegesha barabarani."

Akautoa waya, akaukunja upya,
kiganja hadi kiwiko, kiganja hadi kiwiko,
kama mtu anayekunja uzi wa sufu,
akaniwekea mikononi. Ulikuwa na joto.

Jioni, Folkert akifunga lango,
nilichukua kisu nikachana nailoni moja kati ya zile kumi na moja.
Harufu ya mpira mpya.
Nikalichomeka gari la mkurugenzi fulani kwenye ukuta wa ofisi,
taa ya kijani ikapepesa, ikasita, ikapepesa:
lina miaka mitatu
na ndiyo kwanza linaonja dang'a.

"Unapoteza umeme," Folkert alisema.
"Kesho linapanda lori kwenda Poland."

Najua.
Waya nimeurudisha chini ya zulia,
bila nailoni.