Kioo Juu ya Ufa

Sololaki, Tbilisi, mwezi wa Machi.
Theluji imegeuka tope, mabati yanatutonea
ndani ya kola,
nasi kumi na mmoja tumeinua shingo
kama kuku wanywao maji,
tukitazama roshani za mbao zilizochongwa
kama lasi ya kitambaa cha meza;
roshani zilizolegea, zilizoegemezwa vyuma,
moja imeanikwa suruali za mtoto
zimekakamaa kwa baridi.

Kiongozi wetu, Nukri, ana daftari la miaka:
hii ya mfanyabiashara wa tumbaku,
ile ya mwuza konyaki aliyefilisika kabla ya kuhamia.
Anasukuma lango. Halijafungwa.
Halifungiki tena.

Ndani, giza lanuka paka na vitunguu vya kukaanga.
Macho yanapozoea, dari inatushukia:
malaika wanne, mmoja hana uso,
mashada ya zabibu, mbingu ya buluu iliyolambwa na masizi.
Sakafuni, kwa vigae vidogo vidogo, neno la kigeni.
Mmoja wetu akauliza lina maana gani.
“Pangusa miguu,” ikajibu sauti kutoka juu.
Nukri akacheka: ni salamu tu, ya Kilatini.
Lakini tulishapangusa.

Ndivyo alivyotokea Tsisana,
ndara za manyoya, mfuko wa viazi,
akishuka kwa kuambaa ukuta,
maana upande wa pili ngazi haina pa kushika:
maua ya chuma yamesimama wima,
na juu yake hewa.

“Uharibifu ulioje!” akasema mwenye kamera kubwa.
“Nani aliiba mbao?”
Nukri alitafsiri polepole, akilainisha.
Tsisana akaweka viazi chini.

Baridi ile, akasema, umeme ulikuja saa moja kwa siku,
gesi hakuna,
mama mkwe yu kitandani na makoti matatu.
Vazha wangu alishuka usiku na msumeno.
Mwaloni. Mwaloni mzuri, uliwaka bila haraka.
Tuliupikia maharage siku tisa,
na jirani wa chini tukampa siku mbili.
Akatutazama mmoja mmoja.
“Yalikuwa matamu.”

Hakuna aliyepiga picha.

Ghorofa ya pili akatuonyesha ufa.
Unaanzia juu ya mlango wake,
unapasua ua la plasta,
unaingia kwa jirani bila kubisha hodi.
Katikati yake kipande cha kioo, urefu wa kidole,
kimegandishwa kwa jasi huku na huku,
na tarehe kwa kalamu ya risasi.
Kioo kikivunjika, nyumba imesogea.
Mtu wa manispaa alikibandika, akaahidi kurudi.
Tsisana hukipangusa kila Jumamosi
pamoja na vioo vya kabati.

Mimi niliyelelewa na methali
sikuweza kuzuia ulimi:
usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Nukri akaigeuza kwa lugha yao.
Aliisikiliza kama mtu anayeonja
chumvi ya mchuzi wa mwingine.
“Kweli,” akasema. “Na ukishauziba,
utajuaje kama unakua?”

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na jibu, nadhani.
Lakini mtoto wa ghorofa ya tatu
alikuja mbio, ngazi mbili mbili,
begi la shule likigonga vyuma,
na nyumba nzima ikatetemeka kidogo, kama ng’ombe
anayefukuza nzi kwa ngozi.
Sote, hata Nukri, tukageukia kioo.

Kizima.

Tsisana akaokota viazi vyake,
akatuhesabu kwa kidevu,
akatazama mabuti yetu.
“Shukeni watatu watatu,” akasema.

Tukashuka watatu watatu, tukiambaa ukuta,
tukinyata kama wezi.
Mwenye kamera alivua viatu,
akavibeba.