Zamu ya Maji

Jumanne usiku maji ni yangu.
Bonde zima la Tsarak linajua:
tangu nyota ya kwanza hadi mlima upate rangi
mfereji hugeuzwa,
na barafu iliyoyeyuka mchana
hushuka polepole kuitafuta shayiri yangu.

Jumanne ile mfereji ulikuwa mkavu.
Niliinama na kurunzi. Jiwe limehamishwa.
Tope bichi, alama ya buti,
kisigino kimelika upande mmoja.
Buti la Norphel.
Nitalitambua hata nikizaliwa tena nikiwa bata.

Sikumpigia kelele. Nilifanya vibaya zaidi:
nilimchemsha moyoni wiki nzima,
nikimkoroga asubuhi, nikimwonja jioni,
nikiongeza chumvi.

Dada yangu Chuskit, aliyenyoa nywele na kuvaa joho jekundu
tangu akiwa na miaka kumi na tisa,
ana tabia moja ya kuudhi: hashauri mtu.
Alinikuta nikikanda unga kana kwamba unga umeniibia,
akasema tu, "Leo nilikaa na pumzi yangu.
Ikanitoroka mara mia, nikaifuata mara mia.
Sawa na kuchunga mbuzi."
Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Basi usiku nami nikakaa.
Magoti yakalalamika. Mbwa akabweka kwa jirani.
Nikaanza na aliye rahisi, mbuzi wetu kilema:
uwe salama, nikamwambia kimoyomoyo, uwe na raha.
Ikatoka.
Nikaenda kwa mama, asiyekuwepo tena.
Ikatoka, na machozi nyuma yake.
Nikaenda kwa yule dereva wa lori aliyenipa lifti mwaka juzi,
nisiyemjua jina, aliyekula parachichi zangu kavu
njia nzima bila kuniangalia.
Hata yeye, ikatoka.
Nikafika kwa Norphel.
Uwe
ikanasa kama mfupa.
Uwe na homa, nikasema.
Ndiyo. Nilisema hivyo, mbele ya taa ya siagi
na sanamu ya shaba isiyopepesa jicho.

Usiku wa pili, mfupa.
Usiku wa tano, mfupa, lakini wa kuku.

Jumanne ikarudi. Nikachukua jembe,
nikaufuata mfereji gizani kwenda juu,
nikijiambia ninakwenda kulinda haki,
ilhali mkono uliushika mpini kwa nia nyingine.
Alikuwa pale.
Ameketi ukingoni, suruali kaikunja,
miguu ndani ya yale maji,
kama mtu anayesikia baridi
ili asisikie kitu kingine.
Hakugeuka.
"Shamba la juu limekufa," alisema.
"Nilipanda kuitazama barafu ya upande wetu, Skalzang.
Kuna mawe."

Nilikuwa na maneno. Niliyanoa siku saba.
Nikayapapasa kifuani nisiyaone,
nikakuta pumzi tu, inaingia, inatoka,
mbuzi aliyerudi zizini bila kuitwa.

Sikumsamehe usiku ule, msinipambe.
Nilivua viatu kwa sababu sikujua la kufanya.
Nikatia miguu majini, nikapiga ukelele
ulioamsha kunguru bonde zima,
naye akacheka, kicheko kibovu
cha mtu aliyesahau kinavyofanywa.
Kisha tukalisogeza jiwe pamoja,
maji yakapasuka mawili,
yake na yangu,
na mgawa maji hakuambiwa.

Mavuno yalikuwa haba, kwake na kwangu.
Na bado kuna asubuhi ninaona buti lile mlangoni kwake,
kisigino kimezidi kulika,
nahisi mfupa ukijigeuza kooni.
Uwe salama, ninauambia mfupa.
Kisha ninakwenda kukamua.