Vitone na Nyuzi

Hull, mwezi wa pili, saa nne asubuhi.
Nyuma ya kiwanda cha nyumba za magurudumu
watu kumi na mmoja wanavuta sigara kwenye upepo
nami nawahesabu.

Kila mtu kitone, kila urafiki uzi.
Wavutaji nimewapaka nyekundu,
na tarakilishi inawakusanya ukingoni
kama chuya kwenye ungo.

Ndege wa rangi moja huruka pamoja,
wasema mlinganyo wa kwanza.
Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho,
unajibu wa pili.
Nalipwa miaka mitatu kuamua ugomvi wa methali mbili.

Bogdan, ulianza lini?
"Nilipofika. Sikujua Kiingereza.
Ukiwa na kiberiti huhitaji sarufi."

Shirley aliacha Oktoba, mapafu yakimzomea.
Wiki ya kwanza alikuja bado, na kikombe cha chai.
Ya pili alisema baridi.
Ya tatu nikafuta nyuzi zake nne,
nikachora mmoja mpya, mwembamba,
hadi kwa Parveen wa idara ya mapazia,
ambaye naye tangu hapo haweki sukari.

Hapo ndipo hesabu inaponiponyoka:
mtu akibadilika uzi husogea,
uzi ukisogea mtu hubadilika tena,
na ramani niliyoichora Jumatatu
Ijumaa ni ya mji mwingine.
Kwa lugha yangu ni kitenzi kimoja,
kuvuta sigara, kuvuta mtu.
Sijapata pa kukiweka.

Profesa hutaja msawazo:
pale ambapo hakuna tena anayetaka kuhama.
Nimeiendesha programu usiku kucha, nikaukuta,
nadhifu kama shuka la hospitali:
Gavin peke yake pembeni, kitone kisicho na uzi,
hataki kuhama
kwa kuwa hana pa kuhamia.

Sijui kama huko ni kutulia.

Jana Bogdan alinipa sigara. Mimi sivuti.
Niliishika bila kuiwasha. Wakanipa nafasi,
mabega yakaziba upepo,
Gavin akacheka, kwa sauti, kwa neno nililolisema
kuhusu basi namba tano.
Dakika saba.

Usiku nikafungua jedwali,
nikaongeza mstari wa kumi na mbili. Jina: langu.
Anavuta: ndiyo, hapana.
Kishale kinapepesa, kinapepesa.

Nimepaacha wazi.
Koti nimelitundika nje ya dirisha,
linuke huko.