Breki za Kisekka

Picha mia nne na kumi na mbili nilizipanga
tatu tatu kila mstari, kama mayai kwenye trei:
beringi, plagi, shokamzoba, taa za nyuma,
kila spea na mraba wake, bei chini yake.
Nikamwambia Nakibuuka: gusa herufi tu,
gridi itakimbia yenyewe mpaka penye kitu chako.

Akagusa R, ya radieta.
Ukungu wa kijivu ukapita kiooni, kisha kimya.
"Umenionyesha nini?" akauliza. "Mvua?"

Milisekunde mia mbili na hamsini.
Nansana, usiku, mimi na feni tu chumbani,
ulikuwa mwendo wa kisasa.
Mchana wa Kisekka ni kitu kingine:
simu yenye ufa,
dole gumba lenye grisi ya tangu asubuhi,
wateja watatu wanaoita kwa pamoja.

Jumatano nikarudi na elfu mbili.
Gridi ikajikokota.
Nakibuuka akafungua soda,
akajibu simu ya dada yake wa Masaka,
akamrudishia mtu chenji, akaihesabu upya,
na sisi bado tuko kwenye K.
"Sasa hii," akasema, "ni msafara wa mazishi.
Marehemu nani?"

Ni Odeke, mwanagenzi wa jirani,
miguu tu ikionekana chini ya Ipsum isiyo na magurudumu,
aliyesema bila kutoa kichwa:
"Injini umeweka. Breki je?"

Nikamjibu kwa kiburi cha chuo:
ikifika, inasimama. Pale pale.

Akajiburuta nje, akajifuta kwa gazeti.
"Pale pale ndiyo inaua.
Meno ya abiria yanabaki kwenye dashibodi."
Akanikalisha ndani ya Premio ya mteja, uani,
tukaenda mita kumi, tukarudi mita kumi,
mkono wake umeshika goti langu kama spana.
"Kanyaga. Achia kidogo. Kidogo, nimesema!
Gari lisimame, na aliyelala nyuma
asijue lilisimama saa ngapi."

Usiku ule sikugusa rangi wala herufi.
Niligusa mwendo peke yake.
Mistari ya kwanza niliiachia, ipite
kama miti ya Mabira dirishani mwa basi;
ya katikati nikaipunguzia pumzi;
mitatu ya mwisho ije kwa hatua za mgeni
anayetafuta namba ya mlango.
Safari ikiwa ya mistari miwili tu,
isijifanye inatoka Arua.
Na kidole kikigusa njiani, isimame,
isibishane: kidole ndiye trafiki.

Mia tano, ilirukaruka.
Mia nane, nilipiga miayo mwenyewe.
Umeme ukakatika nikiwa kwenye mia saba,
nikaendelea gizani kwa chaji iliyobaki.
Mia sita na arobaini.
Pembeni ya namba hiyo, ndani ya msimbo,
nikaandika kwa atakayekuja baada yangu:
usibadilishe kabla hujaendesha gari la mtu.

Ijumaa akaja mteja, anatweta.
Anataka kioo cha pembeni, cha kushoto,
cha Corolla, ile ya zamani yenye macho ya duara.
Nikaruka mbele ya kaunta. Nikagusa K.

Ikaondoka vizuri, wallahi.
Klachi zikapita, zikafuata koili,
mwendo ukaanza kulegea mahali pake hasa,
na mimi nimeinama juu yake kama mzazi wa mtoto anayetambaa.

Nakibuuka hakugeuka.
Mkono wake ulikwenda nyuma, juu, kushoto,
ukapita katoni mbili, ukazama, ukatoka na kioo.
Akakipuliza vumbi.
"Elfu thelathini na tano," akamwambia yule bwana,
akakiinua ili akikague.

Humo kiooni nikajiona:
paji la uso, simu,
na gridi, taratibu, kwa adabu zote,
bado inapunguza mwendo.