Foleni Mbele ya Meza

Julai ile, benki zilipofungwa,
baba yangu, Polihronis Efremidis,
mwalimu wa jometri aliyestaafu na chaki ingali kwenye pindo la koti,
alishika foleni tangu saa kumi na moja alfajiri
kuingoja mashine imgawie noti zake za siku.

Juu ya mlango, herufi za buluu: TRAPEZA.
Ndivyo tuiitavyo benki hapa Thesaloniki.
"Soma," akaniambia, kama vile sijui kusoma.
"Pameandikwa meza."

Akatoa bahasha ya bili ya umeme,
akachora umbo lile lile
alilowachorea watoto wa Kalamaria miaka thelathini na minne:
juu kufupi, chini kurefu,
mistari miwili sambamba isiyosalimiana hata ikienda mpaka baharini,
na mbavu mbili zilizolala, kila mmoja na uvivu wake.
"Tetra, nne. Peza, mguu. Peza kwa z, usije ukakosea.
Ndimi za kale zililimeza nusu, likabaki hivi:
kitu cha miguu minne.
Kwanza watu walikilia chakula.
Kisha mvunja fedha akakiweka sokoni, akapanga sarafu,
na tangu hapo neno halijashiba."

Watu waligeuka. Wengine walikereka.
Saa hizo nani anataka somo?

Nyuma yetu alisimama Ildiko, Mhungaria,
mke wa fundi bomba wa mtaa wa pili,
mfupi, mabega mapana kama ya mpiga makasia.
"Kwetu sarakasini," akasema, "trapeza ni ufito na kamba mbili.
Paa juu, ufito chini, kamba ubavuni: chora, utaona ni umbo lako.
Lakini miguu haina, mwalimu.
Ina mikono tu, na mtu wa ng'ambo
ambaye ama yupo, ama hayupo."
Akajishika kati ya shingo na bega,
kwenye msuli ambao madaktari nao
wameupa jina hilo hilo, na ambao kwake
ulichanika usiku mmoja mjini Graz.

Baba hapendi kusahihishwa.
Alinyamaza, akaongeza ufito kwenye mchoro wake,
na chini ya ufito, hewa.

Kisha akakumbuka mjukuu wa dada yake aliye Leeds
na binamu ya mtoto huyo aliye Boston,
walivyogombana kwa simu juu ya zoezi moja:
huyu akiita trapeza chenye sambamba mbili,
yule akiliweka jina hilo kwa kisicho na sambamba hata moja.
"Bahari moja tu katikati," alisema, "na meza imepinduka."

Nikamuuliza, basi na bibi?

Bibi Sevasti alizaliwa Trapezunda,
mji ulioitwa kwa kilima chake
kilichokatwa kichwa, bapa, kama meza.
Alishushwa bandarini hapa na mama yake, na sufuria,
na ufunguo wa mlango ambao sasa wengine waliufungua kwa ufunguo mwingine.
Mpaka anakufa, akiulizwa kwao wapi,
hakutaja mji.
Alisema: tuliinuliwa mezani kabla hatujamaliza kula.

Baba hakujibu. Alikuwa anahesabu vichwa mbele yetu.

Mashine iliishiwa kwa mtu wa tisa.
Sisi tulikuwa wa kumi na moja.
Mtu mmoja akaipiga teke, kwa upole, kama mtu apigaye punda mzee,
na foleni ikavunjika bila neno.

Tulimchukua Ildiko kwetu.
Kulikuwa na dengu, zeituni, mkate wa jana.
Meza yetu ya jikoni ina mguu mmoja mfupi
tangu nizaliwe, na kila tukiegemea, supu inahama.
Baba aliikunja ile bahasha mara nne,
mchoro ukiwa ndani,
akapiga goti akausukuma chini ya mguu.

Akaitikisa meza kwa kiganja.
Akaitikisa tena.
"Kuleni," akasema.