Ufunguo wa Ngara

Kengele ya hekalu la enzi za reli
haikulia miaka kumi na mmoja,
lakini Mutinda aliisugua kila Jumatatu
kwa majivu na ndimu, kama sufuria ya mamake.
Wenyewe walihama. Wa mwisho alimwachia ufunguo,
akasema, "Narudi wiki ijayo."

Paa likivuja, alikinga ndoo miguuni pa Ganesha.
"Pole, mzee. Fundi anataka elfu nane."

Leo Hansaben kashuka na mkongojo, na bahasha,
na sauti ya kuuliza bei ya mabati.
Mutinda hajibu kwanza.
Anamwonyesha mkonga: ufa aliuziba kwa simenti,
vibaya, kwa kidole,
na alama ya dole gumba bado ipo.

Bibi anaipapasa.
"Hapa," anasema, "fundi asiguse."